Kabla ya kuwa mradi, milaya ilikuwa raha

Siku nyumba ya Juba inapongoja ugeni mkubwa, iwe ni posa, ubatizo au ndugu anayerejea baada ya miaka mingi ya ughaibuni, mama mwenye nyumba hufungua sanduku lake mapema. Humo mna mashuka yaliyokunjwa pembe kwa pembe. Huyatoa moja moja: hili la kitandani, lile la kochi, na lililo zuri kuliko yote hutundikwa ukutani nyuma ya kiti cha mgeni wa heshima. Yana maua mekundu yenye majani ya kijani, ndege wawili wanaotazamana, tausi aliyekunjua mkia, na pembeni kabisa pindo la uzi uliofumwa kwa kroshia.

Watu wa Juba, mji mkuu wa Sudan Kusini, huyaita milaya. Ni mashuka ya kitanda yanayodariziwa kwa mkono, na kwa desturi bibi harusi huingia nyumbani kwake akiwa nayo. Msomaji wa Tanga, Nakuru au Mbarara hatashangaa sana, kwani naye huenda amekulia kwenye sebule ambayo kila kochi lilivalishwa kitambaa alichofuma mama au shangazi. Tofauti ni ukubwa wa kazi. Kitambaa cha kochi hukaa mapajani mwa mfumaji hadi kiishe. Milaya ni shuka zima, na mdarizi huizunguka upande hadi upande kwa wiki nyingi, pengine miezi, kutegemea maua ni mangapi na nyumbani kuna shughuli gani.

Miaka ya karibuni milaya imeandikwa sana, na karibu kila mara imeandikwa kutoka kambini: mkimbizi, hema, sindano, kipato kidogo. Habari hizo ni za kweli na zimesaidia watu. Ila zinaanza katikati ya hadithi. Mwanamke aliyekuwa akidarizi Kajo-Keji, Yei au Juba kabla ya kukimbia vita mara nyingi hakuwa na mfadhili wala mnunuzi. Alidarizi kwa sababu alipenda. Alipenda rangi, alipenda kuketi na wenzake jua likishapunga, alipenda ua lake lijae vizuri kuliko la jirani. Ufundi huu umevuka vita kwa nguvu ya mapenzi hayo, na kwangu mimi hayo ndiyo ya kutetewa kwanza.

Penseli kwanza, sindano baadaye

Milaya huanza na shuka tupu, mara nyingi jeupe au la rangi moja iliyotulia. Kabla ya uzi kuna mchoro. Shuka hukunjwa mara mbili ili kupata kitovu chake, kisha hutandazwa juu ya mkeka na kuchorwa kwa penseli au kalamu: shada kubwa katikati, matawi yanayotambaa kuelekea pembe nne, na ndege mahali palipobaki wazi. Si kila mdarizi ni mchoraji. Mwenye mkono mwepesi wa kuchora huchorea wengine, na shuka moja linaweza kupita katika mikono ya watu wawili au watatu kabla ya kukamilika: mchoraji, mdarizi na mfuma pindo.

Kisha kitambaa hubanwa kati ya pete mbili ili kikaze kama ngozi ya ngoma, na sindano inaanza kazi. Shina la ua hufuatishwa kwa mishono mifupi inayorudi nyuma kidogo na kusonga mbele, ili mstari usikatike. Petali hujazwa kwa nyuzi zinazolala ubavu kwa ubavu, bila kuacha mwanya wa kitambaa kuchungulia. Hapo ndipo mkono wa mjuzi hujulikana. Mwanafunzi hujaza petali nzima kwa rangi moja. Fundi huanza na wekundu mzito penye kikonyo, akaupunguza kidogo kidogo hadi ncha ya petali ikawa ya waridi, na ua likaonekana limeinuka kutoka kwenye shuka.

Anayetaka kujua thamani ya milaya aigeuze. Upande wa nyuma husema ukweli ambao wa mbele unaweza kuuficha: mafundo manene, nyuzi zilizoruka kutoka ua moja hadi jingine kwa uvivu wa kukata na kuanza upya, ncha zisizofichwa. Milaya njema ni safi pande zote mbili. Jaribio la pili ni maji. Uzi mwekundu usio imara hutoa rangi, na ufuaji wa kwanza unaweza kuharibu kazi ya miezi. Ndiyo maana wazoefu huuloweka uzi mwekundu kwenye maji baridi kabla ya kuutunga, wakaangalia kama maji yanabadilika.

Mtu wa pwani ataona hapa jambo analolijua. Kofia za kudarizi za Zanzibar na Lamu nazo huanza kwa kuchorwa juu ya kitambaa cheupe, kisha mkono wenye subira hufuatisha mchoro kwa uzi, tundu kwa tundu. Lakini kofia hutoka nyumbani na kutembea mjini kichwani mwa mwanamume. Milaya hubaki ndani, na kwa miaka mingi sifa yake haikuvuka ua wa nyumba. Huenda ndiyo sababu imechelewa kupata heshima ambayo kofia iliipata zamani.

Mpenda kitambaa hana dawa

Kila anayeshona kwa mapenzi anao ugonjwa wa pili, nao ni kukusanya. Mimi ni mgonjwa wa siku nyingi. Hununui kitambaa kwa sababu unakihitaji. Unakinunua kwa sababu bluu ile hujawahi kuiona, na kwa sababu ukikiacha leo hutakikuta kesho. Unakikunja, unakiweka, na miaka miwili baadaye kinapata kazi ambayo hukuwa umeifikiria.

Juba ni mahali pa hatari kwa watu wa aina yetu. Katika soko la Konyo Konyo vitenge hupangwa safu juu ya safu, na muuzaji hukifungua kimoja hewani kwa mkupuo mmoja ili uone ua zima. Pembeni kuna mashuka, pazia, satini za sherehe, na vitambaa vyepesi vya lawo, lile vazi linalofungwa begani upande mmoja na ambalo hutoka kwa fahari siku za harusi na ngoma. Sehemu kubwa ya shehena hii huja kwa malori kutoka Uganda. Huingia kupitia mpaka wa Nimule, kisha hufuata barabara ya kilomita 192 hadi Juba, iliyotiwa lami na kukamilika mwaka 2012. Barabara ikichafuka, iwe kwa mvua au kwa usalama, rangi za sokoni hupungua na bei hupanda. Mdarizi wa Juba huhisi hali ya nchi katika bei ya kishada cha uzi.

Chini ya cherehani za mafundi hujaa mabaki: pembe za vitenge, vipande vya mikono ya gauni, utepe uliobaki. Mpenda kitambaa haoni takataka hapo. Anaona foronya, mkoba, pazia la mlango, tandiko la viraka. Mfarishi kamili wa viraka huwa na tabaka tatu: juu vipande vilivyounganishwa, katikati pamba au blanketi kuukuu, chini kitambaa kizima, na mishono inayopenya tabaka zote ili zishikamane. Lakini Juba si mji wa mifarishi mizito. Machi 2024 serikali ilifunga shule kwa sababu ya joto kali. Katika hali ya hewa kama hiyo mtu hahitaji pamba kifuani usiku. Subira ambayo kwingineko huunganisha tabaka tatu, hapa imeelekezwa kwenye tabaka moja, jepesi, na kulijaza maua.

Viraka vya Rejaf

Hata hivyo kiraka kina historia ndefu katika eneo hili la Nile. Mwaka 1881 Muhammad Ahmad alijitangaza kuwa Mahdi huko Sudan, na wafuasi wake wakavaa jibba, kanzu iliyotiwa viraka, kuonyesha kwamba wameukataa utajiri wa dunia. Mwanzoni viraka viliziba matundu ya kweli. Baadaye vilipangwa kwa vipimo, mraba mweusi kifuani ukajibiwa na mraba mweusi wa upande wa pili, na jibba ikawa vazi la jeshi lililokatwa na kushonwa kwa ustadi mkubwa. Walitengeneza pia mavazi ya vita ya farasi, vitambaa vya rangi vilivyojazwa sufi na kushonwa tabaka kwa tabaka, mfarishi hasa uliokwenda vitani.

Jeshi hilo lilifika hadi hapa. Tangu mwaka 1888 lilishikilia Rejaf, pale kwenye kilima kinachoonekana kusini mwa Juba, hadi lilipong'olewa na kikosi cha Louis-Napoléon Chaltin kutoka Kongo tarehe 17 Februari 1897. Baada ya wafuasi wa Mahdi kushindwa katika vita vya Omdurman vya Septemba 1898, jibba nyingi zilichukuliwa kama nyara na kupelekwa Uingereza, ambako zimehifadhiwa kwenye makumbusho. Ukiitazama mishono yake, unaona kazi ya watu ambao hakuna aliyeandika majina yao.

Ng'ambo ya bahari kuna ndugu wa hadithi hii. Huko Karnataka, India, wanaishi Wasiddi, wazao wa Waafrika waliovushwa Bahari ya Hindi, baadhi yao wakitokea Afrika Mashariki. Wanawake wao hushona matandiko ya viraka yanayoitwa kawandi. Huanza ukingoni na kuelekea katikati, wakizunguka na mshono wa kukimbiza hadi wafike kitovu, na katika kila pembe huweka vipande vilivyokunjwa viitwavyo phula, yaani maua. Kwao kawandi isiyo na phula pembeni iko uchi. Mwaka 2011 matandiko hayo yalionyeshwa katika kituo cha Schomburg, New York. Mama wa Juba aliyeketi juu ya mkeka akitafuta ua la kujaza pembe tupu ya shuka lake angemwelewa mwenzake wa Karnataka bila mkalimani.

Pamba iliyowahi kuwa yetu

Leo karibu kila uzi na kila shuka linalodariziwa Juba limetoka nje. Haikuwa hivyo siku zote. Katika miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ilianzisha Mradi wa Wazande huko magharibi mwa jimbo la Ikweta (Equatoria). Wakulima walilima pamba, na kiwanda cha Nzara kiliichambua, kikaisokota na kufuma vitambaa. Wazo lilikuwa kwamba watu walio mbali sana na bahari wavae nguo za pamba yao wenyewe. Utekelezaji ulikuwa wa amri. Familia zilihamishwa na kupangwa kando ya barabara, na pamba ikageuka mzigo.

Julai 1955, wafanyakazi wa Nzara waliofukuzwa kazi waliandamana pamoja na wananchi, na waandamanaji wakapigwa risasi wakafa. Wiki chache baadaye, tarehe 18 Agosti 1955, wanajeshi wa kusini mwa Sudan waliasi katika mji wa Torit, na ikaanza vita ambayo haikuzimika hadi Mkataba wa Addis Ababa wa mwaka 1972. Jina la Nzara lilirudi kwenye habari mwaka 1976, wagonjwa wa kwanza wa mlipuko wa Ebola wa Sudan walipopatikana miongoni mwa wafanyakazi wa kiwanda hicho hicho. Vita ya pili ikaja mwaka 1983 na kudumu hadi 2005, na ndoto ya nchi inayojivika yenyewe ikafifia.

Nayataja haya kwa sababu kitambaa huonekana jambo dogo, jambo la akina mama na sebule. Sudan Kusini inatufundisha vingine. Swali la nani analima pamba, nani anaifuma na nani analipwa limewahi kumwaga damu ya watu hapa. Mtu anayesema milaya ni pambo la nyumba tu hajaangalia vizuri ardhi inayokanyagwa na mdarizi.

Mzigo uliofungwa kwa maua

Uhuru wa Sudan Kusini ulipatikana tarehe 9 Julai 2011. Vita vya ndani vilianza Juba usiku wa tarehe 15 Desemba 2013, na mapigano ya Julai 2016 katika mji huo huo yalisukuma watu wa Ikweta kuvuka mpaka kwa wingi. Agosti 2016 Uganda ilifungua makazi ya Bidi Bidi wilayani Yumbe, na kufikia Desemba yalikuwa na watu zaidi ya 270,000, yakafungwa kwa wageni wapya.

Wengi walifika wakiwa na kile walichoweza kubeba kichwani, na kitu kilichofunga mzigo huo mara nyingi kilikuwa milaya. Ni jambo la akili. Shuka ni pana, ni imara, hufunga sufuria, nguo za watoto na vyeti vya shule, na usiku hutandikwa chini. Hata hivyo, mtu anayekimbia anaweza kufunga mzigo kwa shuka lolote. Kuchukua lile lililodariziwa ni uamuzi. Mpiga picha Nora Lorek aliliona hilo alipowapiga picha wakazi wa Bidi Bidi wakiwa wamesimama mbele ya milaya zao. Katika picha hizo vumbi na turubai vinatoweka, na unaona watu katika sebule yao. Kutokana na kazi hiyo, yeye na mwandishi Nina Strochlic walianzisha mradi wa kuwasaidia wadarizi kuuza.

Mjini Juba kwenyewe, Anyieth D'Awol alianzisha Roots Project, ambako wanawake wa makabila mbalimbali huketi pamoja kutengeneza kazi za shanga na kuziuza. Katika nchi ambayo vita iliwagawa watu kwa makabila, meza moja yenye nyuzi na shanga za kila jamii ni jambo zito. Mikono yenye kazi hukaa karibu, na wanaokaa karibu huanza kuulizana habari za watoto.

Tangu tarehe 15 Aprili 2023, vita vya Sudan vimewarudisha watu wengine mamia ya maelfu kupitia mji wa Renk, karibu na mpaka, wengi wao wakiwa watu wa kusini walioishi Khartoum miaka na miaka. Wanarudi na mitindo yao ya rangi na mishono. Sanduku la milaya la Juba la miaka 10 ijayo halitafanana na la leo, na hilo ni la kushangilia.

Kizuri hujiuza, lakini kwa bei gani?

Wahenga walisema kizuri chajiuza. Kwa milaya methali hiyo ina nusu ya ukweli. Hujiuza, lakini haijipangii bei. Mnunuzi huangalia bei ya shuka na bei ya uzi, akaongeza kidogo kwa ajili ya shukrani. Siku zilizotumika hazihesabiki, kwa sababu zilitumika nyumbani, kati ya kuchota maji na kupika, na kazi ya nyumbani tumezoea kuiona kama haina saa.

Gee's Bend, kijiji cha Alabama nchini Marekani, kina funzo kwa kila anayeshughulika na milaya. Wanawake wa huko, wazao wa watumwa wa shamba la pamba, walishona matandiko ya viraka vya suruali za kazi na magunia ili watoto wao wasilale na baridi. Mwaka 2002 matandiko hayo yaliingia katika makumbusho ya Houston, kisha Whitney ya New York, na mwaka 2006 yakachapishwa kwenye stempu za posta za Marekani. Heshima ilikuwa kubwa. Lakini mwaka 2007 baadhi ya washonaji walikwenda mahakamani wakidai hawakupata haki yao katika mauzo na matumizi ya kazi zao, na mashauri hayo yakamalizwa mwaka uliofuata. Sifa iliwafikia kabla ya makubaliano. Juba ina nafasi ya kupanga vinginevyo: makubaliano kwanza, jina la mdarizi na la mchoraji lidariziwe pembeni mwa shuka, na anayenakili mchoro kwa mashine amlipe aliyeuchora.

Lipo jambo moja ambalo mikataba hailindi. Mradi unapoingia, huja na oda: mashuka 40, ndege yule yule, bluu ile ile, tarehe hii. Oda hulisha familia, na hakuna mwenye haki ya kumwambia mama aikatae. Lakini mdarizi anayejaza ndege yule yule mara 40 hajifunzi ndege mpya. Vikundi vyenye busara vinaweza kumwachia kila mwanachama shuka moja lisilo na oda, achore analotaka kwa muda anaotaka, hata kama halitauzwa kamwe. Maua ambayo wageni huyasifu leo yalibuniwa katika mashuka ya namna hiyo, na mwanamke ambaye hakuna aliyekuwa akimngoja.

Kwa hiyo anayekwenda Juba na kupenda milaya asikimbilie kuuliza bei. Aombe kuigeuza upande wa nyuma, aulize nani alichora na nani alidarizi, kisha alipe siku za watu wote wawili. Nasi wenye mabinti, wa Munuki mjini Juba hadi Mombasa, tusingoje semina. Shuka tupu, vishada vya rangi alizochagua mwenyewe na alasiri isiyodaiwa chochote vinatosha kuanzia. Akiupenda uzi kwanza, soko litamkuta akiwa na kitu chake cha kuuza, na siku soko likifungwa, ataendelea kudarizi.